Miwani ya Mke wa Mchungaji

Tarehe 9 Februari

Wifi yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa mapenzi, wewe pamoja na mguu wako. Natumaini plasta imeshatolewa, unakanyaga cherehani kama zamani, na wateja wako hawatishiki tena kwa huo mkongojo. Sisi hapa wazima. Mwanao fundi umeme anakusalimu. Amekuwa darini karibu wiki nzima akirekebisha nyaya, anasema aliyeziunga alikuwa anasali huku amefumba macho. Nikamwambia aliyeziunga ni baba yake. Akasema basi ndiyo maana hazijawahi kuunguza nyumba.

Watu bado wanabisha hodi kumuulizia Mchungaji. Juzi alikuja fundi viatu, akaketi kwenye kiti kile chenye mguu wa kuyumba, akaanza kunieleza ugomvi wake na mwenye nyumba. Alifika katikati ndipo akakumbuka kwamba tumeshamzika. Tukatazamana. Nikamwambia, "Malizia tu, mimi pia nina masikio." Akamalizia, nikampa ushauri. Sina hakika kama ulikuwa wa dini.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya nishike kalamu. Wazee wa kanisa walikuja Jumapili baada ya ibada, wakiongozwa na mwenyekiti wao, yule tunayemwita Mzee Kipaza kwa sababu hata akikunong'oneza jirani anaitika. Wana mambo mawili. La kwanza, wanataka kutoa kitabu cha maisha ya ndugu yako, pamoja na mahubiri yake na makala zake za gazetini. La pili, wanataka kujenga ukumbi wa kumbukumbu, wenye jina lake juu ya mlango na picha yake ukutani. Waumini wamekwisha kuchanga. Mahali wanapopataka ni kiwanja cha nyuma ya kanisa, ilipo nyumba ya kufulia.

Wanasema nyumba ya kufulia imechakaa na haipendezi kando ya kanisa. Lakini hawataigusa mpaka familia iseme neno moja, yaani mimi mjane wake na wewe dada yake. Nilisema nitakuandikia. Na kwa ajili ya kitabu, wanaomba uandike habari za utoto wake, maana wewe ndiye uliyemlea mgongoni.

Jana Mama Kamba, kiongozi wa madobi, aliniletea mashuka yangu. Aliyaweka mezani, akayapapasa, akasema yamekauka vizuri. Kisha akarudi kwenye nyumba yao ya kufulia.

Wako,
wifi yako mdogo


Tarehe 27 Februari

Wewe mnyang'anyi wa kaka za watu,

Salamu zako nimezipokea na nimezigawa kwa wote, hata kwa mguu. Plasta ilitoka. Daktari aliniambia nisipande tena juu ya stuli, nikamuuliza basi atakuja yeye kunishushia majora ya kitambaa? Akacheka, akaniagiza suruali. Hivyo nimepona na nimepata mteja.

Ukumbi! Wifi, unaliandika jambo kubwa namna hii baada ya nyaya za umeme na fundi viatu? Nimeisoma barua nikiwa nimesimama, kisha nikavaa miwani, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Mdogo wangu, aliyekuwa akilia kamasi zikimfika kidevuni, leo awe na jina juu ya mlango! Nimeshawaambia wateja wangu wote, na ambao si wateja nimewasimamisha njiani. Nimejikatia kitambaa cha buluu, kizito, kile nilichokuwa nawafichia maharusi. Siku ya ufunguzi nitakaa benchi la mbele, na mazishi niliyoyakosa kwa ajili ya mguu huu nitakuwa nimeyalipa.

Neno langu waambie ni ndiyo. Wajenge, na wasisahau madirisha makubwa.

Kuhusu utoto wake, andika hivi: "Alizaliwa katika familia ya wacha Mungu. Baba yake alifariki mapema. Mama yake alikuwa mama wa nyumbani." Inatosha. Watu wananunua kitabu cha mchungaji wasome mahubiri, hawanunui wasome alivyonyonya.

Mimi wifi yako, mwenye kaka yake


Tarehe 20 Machi

Wifi yangu mkubwa,

Nimefurahi kwamba umepona, na nimemhurumia daktari. Hapa mvua zimeanza. Kuku wa jirani wamehamia barazani kwetu na wanatutazama kama sisi ndio wageni.

Neno lako la ndiyo sijawapelekea wazee bado. Nimeshikwa na kazi ya mahubiri, na nimekutana na tatizo ambalo huenda nimelisababisha mimi.

Mahubiri aliyoyaandika ni marefu mno. Mzee Kipaza aliyasoma, akanijia anashangaa: "Mama Mchungaji, mbona nusu ya haya hatukuyasikia? Nilikuwa nimelala?" Nikamwambia baadhi ya siku, ndiyo, ulikuwa umelala, lakini hii sababu ni nyingine. Ikabidi nimweleze jambo ambalo nyumbani kwetu lilijulikana kwa wawili tu.

Mwaka ule wa kwanza wa ndoa Mchungaji alikuwa akihubiri mpaka kwaya inaishiwa nguvu. Siku moja mzee mmoja alikoroma, na kinanda kikaanza kumfuata. Tuliporudi nyumbani mume wangu aliketi jikoni kama mtu aliyepigwa. Akaniambia, "Mke wangu, mimi nikianza sioni mwisho. Wewe uwe mwisho wangu." Tukapatana. Mimi nikae benchi la mbele, na nikiona watu wamechoka, nivue miwani. Yeye akiona miwani imevuliwa, anamaliza sentensi aliyo nayo mdomoni na kusema amina. Hakuvunja patano hilo hata mara moja. Kuna siku alikuwa amewafikisha wana wa Israeli katikati ya bahari, maji yamesimama kulia na kushoto, nikavua miwani. Akawaacha humohumo. Jumatatu muuza maziwa aliniuliza kama walivuka.

Kwa hiyo sasa nina penseli nyekundu, na kila hubiri naliwekea alama pale alipokomea. Mengi nayakumbuka. Mzee Kipaza anataka yachapwe yote mpaka mwisho. Mimi nasema kitabu kiwe na kile alichokisema. Yaliyobaki alinihubiria mimi jikoni, na mimi sijaomba yachapwe.

Hubiri moja tu halina alama, kwa sababu siku ile sikuvua miwani. Ni lile la kola. Wewe hukuwepo, nikueleze. Ilikuwa kabla ya nyumba ya kufulia. Akina Mama Kamba walikuwa wakifua nyuma ya nyumba za watu, wanalipwa siku mwenye nyumba akijisikia, na Jumapili ndiyo siku waliyofua zaidi. Mchungaji alipanda mimbarini akasema, "Kila mtu ashike kola ya nguo yake. Sasa amtajie jirani yake jina la mama aliyeifua." Watu wakashika kola, wakageukiana. Hakuna aliyejua. Wengine walikasirika, wakatoka, na mwenye duka la vyombo aliondoka na familia yake nzima pamoja na mto wake wa kukalia. Jumapili iliyofuata mabenchi yao yalikaliwa na madobi. Zile makala zake za gazetini kuhusu siku ya mapumziko zilianzia hapo, na nyumba ya kufulia pia: masinki ya saruji, mabomba, meza ndefu ya kupigia pasi, na bei moja waliyoipanga akina mama wenyewe na kuibandika mlangoni.

Nilimuuliza mara nyingi kwa nini alianzia kwenye nguo, na mji huu una shida nyingi. Alikuwa akinijibu, "Muulize dada." Basi leo nakuuliza, dada. Mimi najua kidogo kuhusu mama yenu. Wewe unajua yote.

Wako mdogo


Tarehe 2 Mei

Wifi,

Barua yako ilifika siku nyingi. Kazi zilinizidi, ni msimu wa sare za shule.

Mguu mzima. Gauni la buluu limekamilika, bado vifungo tu. Nimetafuta vifungo mji mzima, vyote vinafanana na vya nesi. Mke wa daktari alikuja kupima, akasema amenenepa kwa sababu ya hewa. Nimempanulia hewa yake kiunoni.

Nimecheka habari za miwani mpaka nikachomwa na sindano. Kumbe ndiyo maana aliponitembelea na kuanza kuomba kabla ya chakula, hakumaliza mpaka mchuzi ukaganda! Hukuwepo.

Kuhusu lile uliloniuliza, nilishakuandikia yatakayowekwa kitabuni. Kitabu cha mchungaji si kamba ya kuanikia nguo za mama yake. Mengine tuyaache.

Wazee wameanza msingi? Hukuniambia.

Wifi yako


Tarehe 19 Mei

Wifi yangu mkubwa,

Nakuomba radhi kama nilikugusa mahali panapouma. Sitaandika kitabuni neno lolote kuhusu mama usilolitaka wewe. Mama ni wako.

Sisi hatujambo. Mwanao amemaliza nyaya. Sasa ukiwasha taa ya jikoni inawaka ya jikoni, zamani ilikuwa inawaka ya choo.

Msingi haujaanza. Mkutano wa waumini wote utakuwa Jumapili ya mwisho ya Juni, na hapo wanataka jibu la familia. Mzee Kipaza ameniuliza tena. Nilimwambia bado sijui ninalotaka. Wifi, nilimdanganya mzee wa kanisa, tena mlangoni mwa kanisa. Ninajua tangu siku ile walipokuja. Sikutaka kukuharibia furaha, maana tangu tumzike, barua yako ya Februari ndiyo ya kwanza uliyoniandikia ukicheka.

Mchungaji angependa jina lake juu ya mlango, tusimsingizie unyenyekevu. Alikuwa akipita mbele ya kioo mara mbili. Lakini si mlango huu. Mwenye duka la vyombo ameshamwambia dobi mmoja, "Nyumba yenu ikivunjwa utarudi kufua uani kwangu, na bei tutaongea." Mama Kamba alinisimulia hilo huku anakunja foronya, taratibu, pembe kwa pembe. Nikamuuliza mtafanyaje. Akasema, "Tutarudi uani, Mama. Tulitoka huko." Hakunilalamikia. Afadhali angelalamika.

Nimeanza kugawa nguo za ndugu yako. Ilinichukua muda, leo nimeweza. Nakutumia shati lake jeupe la Jumapili. Ulishone upya liwe blauzi, au ulikate vitambaa vya kufutia cherehani, ni lako. Ila kabla hujalikata, tazama ndani ya kola. Wale akina mama huweka alama ya uzi kwenye kila nguo ili zisichanganyike, na kila mteja ana alama yake. Hii yake aliichagua mwenyewe na kuwachorea. Sikuwahi kujua maana yake. Kila Jumamosi akichukua mashati yake alikuwa akiipapasa kwa kidole gumba, kisha anarudi nyumbani anapiga mluzi.

Lolote utakaloamua kuhusu ukumbi, nitalisema mkutanoni kama ni neno la wote wawili. Sitakupinga mbele za watu.

Wako mdogo


Tarehe 11 Juni

Wifi yangu mpenzi,

Leo sina salamu. Wote wazima, tuendelee.

Shati limefika. Nililifungua dukani, mke wa daktari akiwa amesimama mbele yangu na tepu kiunoni. Nikageuza kola. Nikamwambia, "Mama, rudi kesho," nikafunga duka mchana kweupe, na tepu akaondoka nayo.

Ile alama ni unyayo wa kuku. Vijiti vitatu mbele na kimoja nyuma, kwa uzi mwekundu. Hujaweza kuitambua na kuku wamejaa barazani kwako! Niliibuni mimi, kabla meno yangu ya mbele hayajaota upya.

Mama yetu alikuwa dobi. Haya, nimeandika. Baba alipofariki tulihamia chumba kimoja, nusu ya chumba ikiwa ni vitanda na nusu nyingine mashuka ya watu. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo kazi ya alama ilikuwa yangu: nyota kwa mashuka ya karani, samaki kwa ya mwenye mkate, ngazi kwa ya mwenye nyumba ya ghorofa. Nilipoanza shule nikabadilisha, nikaweka herufi. Mdogo wangu alikuwa anakaa chini ya meza ya pasi, mahali penye joto, na mama akimrushia nguo azipange. Kusoma alijifunza humo, kwenye kola za watu. Mwalimu alipomwonyesha herufi ya kwanza ubaoni, yeye akasema, "Huyo ni mzee wa posta, shati lake lina jasho sana." Alichapwa.

Sasa unyayo wa kuku. Nguo zetu sisi hazikuwa na alama, za nini? Siku moja akaanza kulia, hasemeki, habembelezeki. Mwishowe akasema, "Mimi sina alama. Nikichanganyika na nguo za watu nitapelekwa nyumba nyingine." Mama alicheka mpaka akaweka pasi chini. Nikamshonea unyayo wa kuku kwenye kola, nikamwambia, sasa hata ukipelekwa kwa mfalme, utarudishwa hapa. Akanyamaza. Alilala na lile shati.

Sikujua kama alikumbuka. Hatukuwahi kuyazungumza hayo. Nilipofungua duka, waliokuja kushonewa walikuwa wake wa walewale ambao mama aliwabebea mashuka kichwani akiingilia mlango wa nyuma. Nikajiambia hawa wasijue. Nikamwomba na mdogo wangu afunge mdomo, naye akaufunga mdomo, mikono hakuifunga. Hakutaja jina la mama popote, akaenda akajenga nyumba nzima yenye meza ndefu ya pasi. Ndiyo maana akakuambia umuulize dada.

Basi andika: mama yake alikuwa dobi. Mwambie mchapaji atumie herufi kubwa kwa hilo jina la kazi, na kama wino ni ghali apunguze kwenye mahubiri. Mke wa daktari nimeshamwambia aliporudisha tepu. Unajua alivyonijibu? "Na mama yangu alikuwa mpishi. Nipunguzie hapa kwapani."

Nyumba ya kufulia isiguswe hata tofali moja. Hilo ndilo neno langu, na la mama. Ninakuja kwenye mkutano. Gauni la buluu nitalivaa vilevile, vifungo vya nesi na yote, sikulishona nilitazame.

Dada wa Unyayo wa Kuku


Tarehe 8 Julai

Wifi yangu mkubwa,

Natumaini ulifika salama, na yule abiria uliyeanza kumpima mabega kabla basi halijaondoka aliagiza koti. Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Mwanao anasema shangazi yake alikula mayai yote, na kuku wa jirani wameshukuru wamerudi kwao.

Mambo yanakwenda. Wazee wamekubaliana michango itengeneze paa la nyumba ya kufulia na kuongeza bomba. Jina la ndugu yako litaandikwa juu ya mlango ule ule wenye bei, na rafu ya vitabu vyake itawekwa karibu na meza ya pasi. Chini ya jina hilo, Mama Kamba anataka kuchora unyayo wa kuku. Mzee Kipaza anauliza kama kuna andiko linalouhusu. Mahubiri yatachapwa kwa kufuata penseli yangu.

Kwenye kituo cha basi uliniuliza kwa nini nilinyamaza ghafla pale mkutanoni, nikakujibu koo lilinikauka. Sivyo. Nikueleze sasa, kwa karatasi ni rahisi zaidi.

Unajua sijawahi kusema mbele ya kanisa. Maisha yangu yote nimekaa benchi la mbele. Nikasimama mbele yao. Nikaanza na mama yenu, na kola, na uani kwa watu, nikaona watu wananisikiliza, na maneno yakaja mengine, na mengine tena. Nikaelewa alivyokuwa akijisikia. Ukianza huoni mwisho. Nilikuwa nimeshaacha habari za nyumba ya kufulia, nimefika kwenye nyaya za umeme, sijui nilifikaje, ndipo nikatazama benchi la mbele. Na wewe, katika gauni lako la buluu, ukavua miwani.

Nilikuwa katikati ya neno. Nikalimaliza, nikasema amina. Kanisa zima likaitikia amina, na Mzee Kipaza akauliza kuna anayepinga, nani tena apinge baada ya amina? Wewe ulipiga makofi. Mimi nilikaa.

Wifi, watu walizoea kusema Mchungaji wetu akihubiri hutazama mbali, anatafuta neno. Mimi pia nilidhani hivyo. Nilipokuwa nimesimama pale ndipo nilipojua kwamba ili uone miwani inavuliwa, sharti uwe unaitazama muda wote. Hakuwa akitazama mbali. Jumapili zote zile, alikuwa akinitazama mimi.

Nimelia siku mbili, kilio kizuri, kile nilichokuwa nimekizuia tangu mazishi. Sasa nimeosha uso na nimeweka chai. Ila nataka kujua jambo moja, uniambie kweli. Ulinikomesha, au ulikuwa unafuta machozi?

Wako mdogo


Tarehe 21 Julai

Wifi yangu,

Nilikuwa nafuta machozi.

Lakini ulikuwa umezidisha.

Wako, mwenye alama ileile